Cheti cha Kasuku

Walimwandika mlevi mtu ambaye hajapata kulamba pombe hata kwa ncha ya ulimi. Neno hilo liliandikwa kwa kalamu nyekundu katika faili lake la kazi, kwa mkono wa msimamizi ambaye hakuwahi kumsogelea kiasi cha kumnusa. Na Jumatatu moja, alasiri, likasomwa kwa sauti mbele ya zamu mbili, moja ikitoka na nyingine ikiingia, ili kila sikio lipate fungu lake. "Amekutwa kazini akiwa amelewa kwa mara ya nne." Miaka kumi na tisa ya utumishi ikafungwa kwa maneno manane.

Kazi yake ilikuwa kuchovya waya. Waya mweusi ulipitishwa kwanza katika hodhi la tindikali ili uvuliwe kutu, kisha ukazamishwa katika tanki refu la zinki iliyoyeyuka, ukatokea upande wa pili ukimeta, umevishwa koti lake la rangi ya fedha, tayari kwenda kuzungushiwa mashamba na nyua za watu. Juu ya tanki ulitanda moshi mweupe, mwepesi kama unga uliopulizwa. Palikuwa na feni kubwa ya kuufyonza, ni kweli. Iliwashwa siku wakaguzi walipofika, ikazimwa kabla gari lao halijavuka lango. Siku nyingine zote wachovyaji walijifunga pua kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kila mtu alitoka nacho kwake.

Moshi ule ulikuwa na kisirani chake. Mtu akiuvuta kila siku, mwili huuzoea. Akipumzika siku mbili, mwili hujisahau, na Jumatatu huadhibiwa kwa kusahau. Asubuhi utamwona mzima. Ikifika alasiri, mdomo unajaa ladha tamu ya chuma, koo linakauka kwa kiu, mikono inatetemeka, miguu inapepesuka. Kesho yake homa imekwenda zake, haikuacha hata alama ya kumwonyesha daktari. Wafanyakazi waliiita homa ya Jumatatu, na kwa kuwa hakuna aliyewatibu, walijitungia tiba. Walikunywa maziwa. Tena Jumapili jioni walikwenda kiwandani wakasimama kando ya tanki kwa nusu saa, ili kesho yake mwili usishtuke. Jambo hilo waliliita "kuonja moshi". Hebu fikirini: mtu anaondoka kwake siku ya mapumziko, anakwenda kuvuta sumu kidogo ili ile nyingi isimwangushe!

Uongozi ulipofunga lango siku za Jumapili, kwa madai ya kuzuia wizi, kuonja kukakoma na Jumatatu zikawa nzito. Yeye, aliyekuwa mkongwe kuliko wote pale tankini, ndiye aliyepepesuka zaidi. Wenzake wakamtania kwa jina la Bwana Jumatatu, kisha "bwana" ikadondoka njiani, akabaki Jumatatu. Utani ulikuwa wa wenzake. Kalamu nyekundu ilikuwa ya msimamizi.

Kiwandani palikuwa na desturi moja tu ya heshima: mchovyaji anayeondoka hupewa koili ya waya aliouchovya kwa mikono yake. Hata aliyefukuzwa hakunyimwa. Jumatatu alitoka langoni na koili begani, akisindikizwa na rafiki yake wa tankini, mtu aliyeitwa Koleo kwa sababu akishika jambo haliachii.

"Kaka, huo waya utaufanyia nini? Huna hata mbuzi."

"Nitajifunga nao nisije nikatangatanga."

Walicheka, kwa maana kulia barabarani ni aibu.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili nyuma ya karakana ya viatu. Mkewe alikuwa mpiga pasi katika chumba cha dobi cha hospitali, mwanamke wa maneno machache. Hakuuliza kitu. Lakini tangu siku ile, kila mumewe alipoingia kutoka nje, alimwendea mlangoni, akajifanya anamnyoosha ukosi wa shati, akavuta pumzi. Jumatatu alielewa. Alisimama wima, akaacha anuswe, kama mtu anayepekuliwa na askari. Huko nje majirani walikuwa wamekwisha kukata shauri: lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja.

Mtu mmoja tu hakulitilia shaka neno lake, na mtu huyo alikuwa kitandani, hatoki tena. Alikuwa dada yake mkubwa, mshonaji; hakubahatika kupata mtoto, na kwa miaka kumi na minne aliishi na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Siku chache kabla ya kufariki alimwita ndugu yake, akamwelekeza kwa kidole tundu la duara lililoning'inia karibu na cherehani.

"Mdogo wangu, huyu nakuachia wewe."

"Dada, wapo wapwa zetu wenye nyumba kubwa. Mimi, unavyosikia, ni mlevi."

"Ningekuona mlevi, ningekupa hata sindano yangu? Nyamaza unisikilize. Usimpe parachichi, litamuua. Usimpe vyenye chumvi. Usimtundike jikoni, na moshi usimkaribie. Jioni mfunike shuka. Asubuhi mzungumzishe, asipopata wa kuzungumza naye atajinyonyoa manyoya mpaka abaki kama kuku wa sokoni. Na hilo tundu ni dogo. Kila siku nilisema nitambadilishia, kila siku nikashona nguo za watu. Mtafutie kubwa."

Alipozikwa, mpwa mmoja alisema, tena si kwa kunong'ona, "Mjomba atamsahau huyo ndege hata maji. Subirini." Jumatatu alilisikia. Tangu hapo alijua kwamba kumtunza yule ndege si suala la ndege peke yake. Kasuku akinawiri, neno la dada litasimama. Akifa mikononi mwake, kalamu nyekundu itakuwa imepata shahidi.

Basi akaenda dukani kuchagua tundu. Mwenye duka, mama mmoja mnene aliyekuwa akilisha chiriku huku akila yeye mwenyewe, hakumficha kitu.

"Kasuku wa kijivu? Basi la duara achana nalo, baba. Halina kona, na ndege asiye na kona hana pa kutulia. Chukua la pembe nne, na liwe pana kuliko lilivyo refu, maana kasuku si mshumaa. Apanue mabawa yote mawili asiguse popote. Na hapa katikati ya waya, kidole gumba kipite, kichwa chake kisipite."

Jumatatu aliparuza kwa ukucha tundu moja la rangi ya dhahabu. Rangi ikabanduka.

"Hii ataila."

"Ataila," mama akakubali bila haya. "Ndiyo maana sikukuanzia hapo. Tazama hili. Chuma kisichoshika kutu, hakijapakwa chochote. Atafune mpaka meno yamwote."

Jumatatu akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio wake, akatikisa kichwa. "Liko uchi."

"Nini kiko uchi?"

"Chuma. Mama, mimi nimevisha chuma koti miaka kumi na tisa. Chuma bila koti ni maiti inayosubiri kutu."

"Baba, kasuku hatazami koti. Anatafuna. Atalila na koti lenyewe."

Alicheka, akidhani mama anatafuta kuuza. Nyumbani alikuwa na koili nzima ya waya bora kuliko ule wote wa dukani, waya alioujua kama anavyoijua sauti yake. Ni kosa ambalo asingeweza kulifanya mwashi, wala mwalimu, wala mpiga pasi. Ilihitajika imani ya mchovyaji.

Alifanya kazi siku tisa uani. Mkewe alimshika kasuku kwa taulo huku yeye akipima mabawa kwa uzi, kutoka ncha hadi ncha, na kasuku akawatukana wote wawili kwa sauti ya marehemu: "Shona vizuri! Shona vizuri!" Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Jumatatu alikunja kila waya kwa koleo, akahesabu nafasi kwa kidole gumba, akaweka mlango wa kuteremka na sinia ya kuvuta chini kwa ajili ya kinyesi. Vijiti vya kukalia alivikata kwenye matawi ya mpera, vinene na vyembamba, ili vidole vya ndege visikakamae kwa kushika unene mmoja siku zote. Lilipomalizika, lilimeta pale dirishani hata mafundi viatu wakaacha nyundo zao kuja kulitazama.

"Mzee, mtu akilewa hawezi kukunja kona kama hii," mmoja alisema.

Hakuna aliyejua jinsi maneno yale yalivyomshibisha.

Kwa majuma kadhaa nyumba ile ilikuwa na furaha kidogo, na inafaa isemwe, kwa sababu haikurudi. Asubuhi Jumatatu alibadilisha maji, akakata karoti na mapapai, akampulizia ndege matone ya maji, akamwona akijikunjua manyoya kwa raha. Kasuku alipanda na kushuka kuta za tundu kwa mdomo na makucha, akiuma waya huku na huku, kama ilivyo desturi ya kasuku wote. Alijifunza pia kikohozi cha bwana wake, kile kikavu cha tindikali ambacho kufukuzwa hakukukiponya: alikohoa mara mbili, akanyamaza, kisha akamalizia kwa sauti ya mkewe, "Kunywa maziwa, basi."

Kisha ndege akaanza kunywa maji mno. Kikombe alichokimaliza kwa siku alikimaliza kabla ya adhuhuri. Kinyesi kikageuka kijani kibichi. Alitapika mbegu, akajikunyata, mabawa yakamtetemeka kana kwamba kuna baridi. Alasiri moja alijaribu kuhama kijiti, mguu ukakosa, akaanguka sakafuni mwa tundu.

Koleo alikuwepo, amekuja kusalimia. Ilikuwa siku ya Jumatatu.

"He! Kaka, umemfundisha na ndege? Na yeye amelewa Jumatatu!"

Hakukusudia ubaya, ulimi wake ulimtangulia kama kawaida. Mke wa Jumatatu alikuwa mlangoni na pasi mkononi. Jumatatu alimtazama ndege akipapasa kwa mdomo, akitafuta pa kushika, na kila alichokiona alikuwa amewahi kukiona mahali pengine. Kiu ile. Mtetemo ule. Miguu ile.

"Nipe taulo," alimwambia mkewe. "Nampeleka kwa daktari."

Daktari wa mifugo alikuwa bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza kasuku mezani, akasikiliza kifua chake. Kasuku akakohoa mara mbili.

"Kifua ni kizima," daktari alisema polepole. "Hiki kikohozi ni cha kuiga. Mwenyewe ni nani?"

Jumatatu alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Tutakujia wewe baadaye. Anakaa kwenye tundu la namna gani?"

Jumatatu akatoa mfukoni kipande cha waya kilichosalia, kwa fahari ambayo ilikuwa haijajua kwamba imekwisha kufa. Daktari alikikwaruza kwa wembe. Unga mweupe ukadondoka juu ya karatasi. Akampima ndege damu, akatazama, akarudi kuketi kabla ya kusema.

"Mzee, hii ni zinki. Anaitafuna kidogo kidogo, inamwingia tumboni, inakuwa sumu. Nani amekuuzia huu waya?"

"Nimeuchovya mwenyewe, daktari."

"Kwa hiyo hajalewa," mkewe alisema ghafla kutoka kwenye benchi.

"Nani, ndege? Mama, ndege analewa wapi?"

"Anatetemeka. Anapepesuka. Ana kiu."

"Ndiyo sumu yenyewe." Daktari akavua miwani, akamtazama Jumatatu mikono, akamtazama meno yaliyoliwa na mvuke wa tindikali. "Na wewe mzee, huko tankini ulikuwa unavaa nini puani?"

"Kitambaa."

"Kwa miaka mingapi?"

Alipomtajia, bibi yule aliirudisha miwani machoni. Kisha akaeleza kwamba anayekula zinki na anayevuta moshi wake hawaugui sawasawa, lakini homa ile ya kuja na kuondoka inajulikana tangu zamani, imeandikwa vitabuni, ina jina. "Mimi ni daktari wa wanyama. Sheria hainiruhusu kuandika cheti cha mtu. Cha ndege naweza."

Akaandika. Kutetemeka, kiu kali, kupepesuka. Chanzo: zinki. Akagonga muhuri.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kasuku, kiumbe asiye na mkataba wa kazi, alipimwa damu, akatajiwa ugonjwa wake na kuandikiwa ukweli katika muda wa saa moja. Mtu aliyeteketea kando ya tanki kwa miaka kumi na tisa hakupata hata wa kumshika mkono aone kama una joto. Aliandikiwa kwa kalamu nyekundu.

Ndege alichomwa sindano asubuhi na jioni. Alirudishwa katika tundu dogo la duara, lile la marehemu, na lile kubwa la kumeta likatolewa likawekwa uani. Jumatatu alimlisha uji mwepesi kwa kijiko, akalala kitini karibu naye. "Mama dukani aliniambia," alirudia mara nyingi. "Aliniambia, nikamcheka." Siku ya tano, kulipopambazuka, kasuku alikohoa mara mbili. Walisubiri amalizie yale maneno ya maziwa. Hakumalizia.

Walimzika uani, chini ya mpera uliokatwa matawi kwa ajili yake. Walipoingia ndani, mkewe alimwendea mlangoni kama kawaida, mkono ukielekea kwenye ukosi. Ukaishia hewani.

"Nilikuwa nakunusa," alisema.

"Nilijua."

"Miezi yote hii."

"Nilijua, mama. Ndiyo maana nilikuwa nasimama vizuri."

Jumatatu iliyofuata alilibeba lile tundu kichwani, tupu, akaenda nalo hadi lango la kiwanda, na cheti cha kasuku mfukoni mwa shati. Alifika zamu zikibadilishana. Msimamizi alitoka, akasoma karatasi hadi mwisho, akaangua kicheko.

"Umeniletea cheti cha ndege? Mzee, kweli wewe mlevi. Kasuku hakuwa mwajiriwa wetu."

"Ndiyo maana aliandikiwa ukweli," Jumatatu akajibu.

Koleo, aliyekuwa akitoka zamu huku ameshika ukuta, macho mekundu, alinyoosha mkono uliokuwa ukitetemeka. "Kaka, nipe nisome." Akasoma kwa sauti, kama lilivyosomwa lile neno jingine, mbele ya zamu mbili: kutetemeka, kiu kali, kupepesuka, chanzo zinki. Pale nyuma mtu mmoja akauliza, "Hayo ni ya ndege au ni yangu?"

"Nisamehe kwa ule utani," Koleo alisema.

"Ulisema kweli, ila hukujua."

Msimamizi aliamuru lango lifungwe. Ujumbe ulitoka juu, kwenye ofisi yenye kioo, kwamba faili la mtu halibadilishwi kwa karatasi ya mnyama. Tundu likaachwa nje ya lango. Jumatatu alirudi nyumbani kwa miguu, akipumzika kila baada ya nguzo mbili, kwa kuwa kifua hakimpi tena pumzi zaidi ya hapo. Neno lipo mahali pake hadi leo, jekundu.

Basi ninyi mnaoketi nyuma ya kioo kile, teremkeni. Lifungueni faili, mlifute neno mliloliandika, na mahali pake mwandike kilichomtetemesha mtu huyu, kwa muhuri wenu, mbele ya zamu mbili, kwa sauti ile ile. Mleteni daktari wa watu, ampime yeye na Koleo na kila aliyesimama kando ya tanki. Iwasheni feni, na isizimwe. Wapeni wachovyaji barakoa za kweli badala ya kuwaachia vitambaa vya kutoka nyumbani. Kwenye kila koili mnayoiuza andikeni kwamba haifai tundu la ndege. Nanyi wakaguzi, mliokula kiapo cha kuona: njooni siku ya Jumatatu, alasiri, bila kupiga simu kwanza.